Kongwa na Swali la Nani Amchagulie Mtoto Masomo

Machi ni mwezi wa jembe Kongwa. Mtama na mahindi vinataka palizi, alizeti inataka kuangaliwa, na kijana aliyemaliza kidato cha nne Novemba iliyopita huwa shambani na wazazi wake akisubiri serikali iseme atakwenda wapi. Katikati ya msimu huo, mwaka 2024, likaja tangazo lililohitaji simu yenye bando. Waziri wa TAMISEMI, Mohamed Mchengerwa, alisema wahitimu wa mwaka 2023 wanaruhusiwa kuingia kwenye mfumo wa Selform na kubadili machaguo yao ya kidato cha tano na vyuo, kuanzia tarehe 20 Machi hadi 30 Aprili. Sababu ilikuwa nzito: kombi, ambazo nyaraka za serikali huziita tahasusi, zilikuwa zimeongezeka kutoka 16 hadi 65.

Kombi mpya 49 kwa mkupuo mmoja. Kwa miongo mingi kijana wa Kitanzania alikua akijua PCM, PCB, CBG, EGM, HGL, HKL, HGE na nyingine chache, na mtaani herufi hizo tatu, moja kwa kila somo, zilitosha kumtambulisha mtu. Mwenye PCB alikwishaitwa daktari kabla hajaripoti shuleni. Sasa orodha ilikuwa na muziki, sanaa za maonesho, michezo, elimu ya dini, kompyuta, Kiarabu na Kichina, na kijana mwenyewe ndiye aliyetakiwa kubonyeza.

Kitendo hicho cha kuchagua kina historia ndefu, na Kongwa ni mahali pazuri pa kuisoma, kwa kuwa wilaya hii ya Dodoma imeshuhudia karibu kila aina ya mamlaka ikimwamulia mtoto asome nini: misheni, serikali ya kikoloni, shirika la chakula la Uingereza, vyama vya ukombozi, Chama na serikali ya uhuru, na sasa kompyuta. Kila mmoja alikuja na mpango wake. Wachache walimuuliza Mgogo, mwenyeji wa nchi hii ya Ugogo.

Shule ya kwanza yenye jina kubwa Kongwa ilikuwa ya kanisa. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walikuwa wamefika Mpwapwa tangu karne ya 19, wakifuata njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Kabla tu ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mmisionari Mkanada T. B. R. Westgate alianzisha Kongwa chuo cha kufundishia walimu wa kanisa, akakiita Huron, jina la chuo alichosoma kwao Kanada. Waliokusudiwa walikuwa vijana ambao wangerudi vijijini kufungua shule ndogo chini ya miti na vibanda vya udongo. Masomo yao yalikuwa Biblia, kusoma, kuandika na hesabu. Lililotarajiwa kutoka kwa mwanafunzi lilijulikana kabla hajaingia, kwa hiyo masomo hayakuwa na mjadala.

Vita vilikatiza kazi ile. Wajerumani waliwaweka kizuizini wamisionari wa Kiingereza, na walimu Waafrika wa kanisa la Ugogo waliteswa kwa kushukiwa kuwa wapelelezi wa adui. Mbegu haikufa, hata hivyo. Chuo cha Theolojia cha Mtakatifu Filipo, kilichopo Kongwa mpaka leo, ni mrithi wa kazi hiyo.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika walikuja na swali la aina nyingine: Mwafrika anahitaji elimu ya namna gani? Tume ya Phelps-Stokes, iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924, ilijibu kwamba elimu ilingane na mazingira ya kijijini, na jibu hilo likatawala kwa miaka 30. Mpwapwa, ambayo wakati huo ndiyo iliyobeba Kongwa kiutawala, ilipata shule ya serikali na mafunzo ya ualimu katika miaka ya 1920. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 shule za kati, darasa la tano hadi la nane, zilipewa mtaala wenye kilimo na ufugaji ndani yake, kulingana na eneo. Kwenye makaratasi lilionekana wazo jema. Wazazi wengi Waafrika hawakulipenda, na walikuwa na haki. Waliona kwamba mtoto wa Mzungu hakufundishwa kulima, na kwamba jembe walilokuwa nalo nyumbani halikuhitaji kufuatwa maili 10 kwa miguu.

Tofauti hiyo Kongwa waliishuhudia kwa macho, mlango kwa mlango, kwa sababu ya karanga.

Kisa cha karanga kimeandikwa mara nyingi, lakini upande wake wa shule hausimuliwi sana. Mwaka 1946 Uingereza, iliyotoka vitani ikiwa na njaa ya mafuta ya kula, ilimtuma John Wakefield na wenzake kutazama ardhi ya Afrika Mashariki. Kwa wiki tisa waliruka kwa ndege na kuzunguka kwa gari, kisha wakapendekeza zaidi ya ekari milioni 3 za karanga, sehemu kubwa ndani ya Tanganyika. Kongwa ikawa makao makuu. Mwaka 1947 yakaanza kufika matrekta, mengine yakiwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa vichaka. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizosafishwa hazikufika hata ekari 10,000. Udongo wa Kongwa, ambao wakati wa mvua hulainika, ukikauka ulishikana kama saruji, karanga zikabaki humo humo zisichimbike. Mvua nazo zilikuja jinsi Wagogo walivyozijua siku zote, kwa kusuasua. Januari 1951 mradi ukafutwa, na hasara ilikuwa takriban pauni milioni 36.

Wataalamu wa mradi walikuja na familia zao, na watoto walihitaji shule. Ikaanzishwa Shule ya Wazungu ya Kongwa, ya bweni, ya wavulana na wasichana. Karanga ziliposhindwa, majengo yaliyobaki yaliipa shule ile nafasi ya kukua. Serikali ya Tanganyika iliichukua, na watoto wa Kizungu walikuja kwa treni na magari kutoka pembe nyingi za nchi kusoma katika tambarare kavu ya Ugogo kwa mtaala wa Kiingereza, wakielekea kwenye mtihani wa Cambridge. Katika nchi ambayo elimu iligawanywa rasmi kwa rangi, yaani shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, mtoto wa Kigogo aliyeishi jirani na shule hiyo hakuwa na namna ya kuingia. Njia yake ilikuwa shule ya misheni, kisha, akibahatika, shule ya kati, na akibahatika tena, sekondari ya mbali: Tabora, Minaki, au ile ya Alliance iliyofunguliwa na makanisa Dodoma, ambayo baadaye iliitwa Mazengo na leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana.

Shule ya Kongwa ilifungwa mwaka 1958. Mrithi wake alikuwa shule mpya ya kifahari ya St Michael's and St George's mjini Iringa, iliyofunguliwa mwaka 1959, miaka miwili tu kabla ya uhuru. Kilichofuata kinastahili kukumbukwa. Baada ya uhuru shule hiyo ya Iringa iligeuzwa Mkwawa, ikawa shule ya kidato cha tano na cha sita kwa vijana wa Tanzania wote, na tangu mwaka 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha elimu. Kijana wa Kigogo aliyechaguliwa Mkwawa mwishoni mwa miaka ya 1960 aliketi katika shule iliyorithi ile ambayo baba yake aliipita kwa nje tu pale Kongwa.

Ubaguzi wa rangi katika shule ulifutwa kisheria Januari 1962. Mfumo ukawa mmoja, na swali la nani anachagua likahama mikononi mwa mwenye mpango mpya, yaani taifa. Tanganyika ilikuwa na madaktari na wahandisi wazalendo wa kuhesabika kwa vidole. Wapangaji wa serikali wakafanya hesabu ya wataalamu watakaohitajika, kazi kwa kazi, wakiwa na shabaha ya nchi kujitosheleza ifikapo mwaka 1980. Nafasi za kidato cha tano zilifuata hesabu hiyo. Ikiwa taifa linataka wahandisi kadhaa, basi vijana kadhaa watasoma Fizikia na Hisabati. Mwanafunzi aliandika anachopenda, lakini uamuzi ulitoka juu.

Ni rahisi leo kuulaumu mpango ule, na lawama hiyo haitakuwa ya haki. Nchi ilikuwa na shule chache mno, na kila nafasi ililipiwa na mkulima ambaye mtoto wake hakuipata. Mwalimu Nyerere alilisema hilo waziwazi, na mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao karibu 400. Aliyesomeshwa na umma alidaiwa na umma, hata katika kuchagua asome nini.

Wakati huo huo Kongwa ilikuwa na shule nyingine ambayo haikuandikwa kwenye orodha ya wizara. Kuanzia mwaka 1964 serikali, kupitia Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, iliwapa wapigania uhuru makambi hapo, katika eneo lililoachwa na karanga. FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na vyama vya Zimbabwe na Angola vilikuwa na watu wao Kongwa. Samora Machel alifundisha wapiganaji hapo. Chris Hani aliishi hapo akiwa kijana. Silaha zilikuwa sehemu ya mafunzo, lakini wengi wa waliofika hawakuwahi kukaa darasani, hivyo wenye elimu waliwafundisha wenzao kusoma, na siasa ilikuwa somo la lazima kwa wote. Makaburi ya baadhi yao yako Kongwa mpaka leo, na sehemu ya ardhi ya makambi baadaye ikawa ya shule. Vijana wa ANC waliokuja kizazi kilichofuata walipata shule kamili Mazimbu, Morogoro, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu. Huko walikuwa na somo lao la lazima lililohusu maendeleo ya jamii za binadamu, walilolitunga wenyewe kwa sababu mtaala wa makaburu uliwafundisha kujidharau. Ukitaka kujua watu wanaamini nini kuhusu kesho yao, angalia ni masomo gani wameyafanya ya lazima.

Machi 1967 likatoka andiko la Elimu ya Kujitegemea. Shule zikapewa mashamba, na mwanafunzi akatakiwa kutoka akiwa tayari kwa maisha ya kijijini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tanzania ikaachana na mtihani wa Cambridge, na mwaka 1973 ikaanzishwa kwa sheria NECTA, Baraza la Mitihani la Taifa. Sekondari nazo zikagawiwa michepuo: kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Ifunda, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1950 kama shule ya mafunzo ya kazi katika iliyokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi, ilikuwa ya ufundi. Nyingine ziliwasomesha wasichana sayansikimu. Mchepuo ulikuwa wa shule. Aliyepangiwa shule alipangiwa na mchepuo wake humo humo, apende asipende, na mtoto aliyeota kuwa fundi angeweza kujikuta kwenye uhasibu kwa sababu tu jina lake liliangukia huko.

Ndipo ilipotawala karatasi. Kwa miaka mingi Selform ilikuwa fomu halisi, iliyojazwa kwa peni ya wino chini ya uangalizi wa mwalimu wa taaluma. Mtahiniwa wa kidato cha nne aliandika kombi na shule anazozitaka kwa mpangilio, pamoja na vyuo, mkuu wa shule akatia sahihi na muhuri, na makaratasi yakaanza safari ya kwenda juu. Kasoro yake kubwa ilikuwa wakati. Fomu ilijazwa kabla ya mtihani. Kijana alichagua PCM mwezi wa tisa, akafeli Fizikia mwezi wa kumi na moja, na fomu ikabaki inasema PCM. Mwingine aliandika HKL kwa woga, akapata A ya Kemia ambayo hakuitarajia, na hakukuwa na dirisha la kurudi kusema sasa naweza. Waliofanya uteuzi walilazimika kukisia, na majibu yakabandikwa kwenye mbao za matangazo au kuchapwa magazetini. Wazee wa vijijini walisikia kwa redio kuwa majina yametoka, kisha wakatuma mtu wilayani akaangalie.

Kongwa yenyewe ilikuwa sehemu ya Mpwapwa hadi katikati ya miaka ya 1990, ilipokuwa wilaya. Sekondari zilikuwa za kuhesabika. Mabadiliko makubwa yalikuja na MMES, yaani Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, uliotaka kila kata iwe na sekondari yake. Nchi nzima shule zikaongezeka kutoka takriban 1,300 mwaka huo hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2009. Wananchi walichanga matofali, mchanga na nguvu zao. Mtoto wa Mkoka, wa Zoissa au wa Hogoro, ambaye zamani darasa la saba lilikuwa mwisho wa safari, akapata kidato cha kwanza.

Jengo liliwahi kuliko mwalimu. Na hasa mwalimu wa Fizikia, wa Hisabati, wa Kemia. Katika sekondari nyingi za kata mwanafunzi alifika kidato cha tatu, mahali anapochagua kuendelea na sayansi au kuhamia sanaa, akiwa hajawahi kuona kemikali ikibadilika rangi ndani ya bomba la kioo. Uchaguzi wake ulikwishafanywa na ukuta mtupu wa maabara. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambapo takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri yalipotangazwa mara ya kwanza, yalilishtua taifa. Rais Kikwete alikuwa ameagiza kila sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, na michango ikaanza tena vijijini. Kuanzia Januari 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafutwa kwa kidato cha tano na cha sita. Mzigo mmoja ulitoka mgongoni mwa mzazi wa Kongwa. Ule wa mwalimu wa sayansi ulibaki.

Mtandao uliingia kwenye uchaguzi wa masomo kutokea juu kushuka chini. Mkongo wa kwanza wa baharini ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na mwaka uliofuata Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, ikaanza kupokea maombi ya vyuo kwa mfumo mmoja wa pamoja wa kompyuta. Hapo ndipo kizazi cha kwanza cha vijana wa mikoani kilipojifunza kupanga foleni kwenye intaneti kafe kuchagua kozi. Mfumo ule wa pamoja uliachwa baada ya miaka kadhaa, waombaji wakarudishwa kuomba chuo kwa chuo, lakini tabia ilikwishajengeka. Kuelekea mwaka 2020 Selform nayo ikawa ya mtandaoni, na jambo la maana zaidi likatendeka: kijana akapewa nafasi ya kuchagua akiwa tayari na matokeo mkononi.

Hilo ni badiliko kubwa kuliko linavyosifiwa. Mhitimu huingia kwa namba yake ya mtihani, huweka neno la siri, huona alama zake, kisha huchagua kombi na shule kwa mpangilio wa mapenzi yake, na anaweza kuongeza vyuo vya ufundi, afya au ualimu. Lazima awe na ufaulu wa C au zaidi katika angalau masomo matatu ili afikiriwe kidato cha tano. Hapo hapo anatakiwa kukumbuka kwamba kombi ya herufi tatu haiji peke yake. Kwa miaka mingi kila mwanafunzi wa kidato cha tano alisoma General Studies kwa lazima, na waliochagua kombi kama PCB au CBG waliongezewa hisabati ya msingi. Wengi waliokimbia Hisabati kwa kuchagua Baiolojia walikutana nayo mlangoni.

Katika Kongwa, dirisha hilo hufunguliwa mahali pa kawaida sana. Mara nyingi ni simu ya kaka, au ya mwalimu, au stesheneri ya Kibaigwa, barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, karibu na soko la mahindi ambalo malori ya nchi jirani hulifuata. Mwenye stesheneri hujaza, huprinti na kulipwa. Hapa pana hatari inayostahili kusemwa kwa sauti. Mtu aliyejaza fomu 20 tangu asubuhi huweza kumjazia kijana kombi ile ile aliyomjazia wa kabla yake, na neno la siri hubaki kwenye daftari la dukani. Kijana asiyeshika mwenyewe akaunti yake amerudi kwenye enzi ya kuchaguliwa, na safari hii aliyemchagulia hana hata mpango wa taifa kichwani.

Kisha zikaja kombi 65. Zilitokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, na mitaala mipya iliyoanza kufundishwa kwa awamu Januari 2024. Sera hiyo imeigawa sekondari ya chini katika mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na imeweka Historia ya Tanzania na Maadili kuwa somo la lazima. Mwenye kumbukumbu ya michepuo ya miaka ya 1970 atauona mkondo wa amali kama ndugu yake. Tofauti ni kwamba safari hii mlango wa kidato cha tano umepanuliwa pia kwa mwanamuziki, mwanamichezo na msanii, watu ambao shule ya Tanzania iliwaacha kwa muda mrefu wajifunze mitaani. Ugogo, nyumbani kwa zeze na ilimba, nchi ya hayati Hukwe Zawose aliyezipeleka ngoma za Wagogo kwenye majukwaa ya dunia, ina sababu zake za kulipokea badiliko hilo kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza mtoto wa hapa anaweza kuandika muziki kama chaguo la kwanza bila kuomba radhi.

Majirani wako kwenye njia hiyo hiyo. Kenya, mwaka 2025, iliwataka wanafunzi wake wa kwanza wa mtaala wa umilisi kuchagua mtandaoni njia moja kati ya tatu, sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo, na ndani yake masomo matatu ya hiari, pamoja na shule 12 za kupendekeza. Mjadala ulioibuka huko ulifanana na wa Tanzania hata kwa maneno: wazazi waliuliza kama shule iliyo karibu nao ina walimu wa njia ambayo mtoto ameipenda.

Swali hilo ndilo linaloirudisha Kongwa kwenye karanga zake. Mwaka 1946 mpango ulikuwa mzuri juu ya ramani. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza udongo ukoje Agosti na mvua hukatika lini. Orodha ya kombi 65 nayo ni nzuri, na ofisi iliyoitoa iko Dodoma, mwendo wa saa mbili tu kutoka Kongwa. Lakini orodha haimwambii kijana kwamba shule aliyoibonyeza ina mwalimu wa kompyuta au haina, kama kinanda kipo, kama somo la Kichina lina mtu wa kulifundisha mwaka mzima. Anachokiona ni jina la shule na herufi za kombi. Anaripoti Julai, msimu ambao familia imeuza magunia ya mahindi Kibaigwa kununua godoro, tranka na sare, na ndipo anapojua kilichopo. Kubadili kombi wakati huo ni kazi ya barua, mihuri na nauli.

Dawa yake haihitaji mabilioni. Takwimu za walimu kwa kila shule na kila somo serikali inazo, kwa kuwa ndiyo inayowaajiri na kuwapanga. Ziwekwe humo humo kwenye mfumo, pembeni ya jina la kila shule: walimu wangapi wa kila somo la kombi, maabara ipo au haipo, matokeo ya kidato cha sita ya miaka mitatu. Wakuu wa sekondari za kata nao wafungue ofisi zao siku mbili tatu dirisha linapokuwa wazi, hata kama ni wiki za palizi, ili mhitimu ajaze mbele ya mwalimu anayemfahamu, mzazi akiwa ameketi hapo. Na kijana wa Kongwa anayesoma haya, uliza walimu kabla hujauliza jina la shule, na neno lako la siri usimwachie mtu.